Mwongozo kamili wa kuchagua kalamu na wino wa kila siku, mashoto wakiwemo

Malalamiko ninayoyasikia kuhusu kalamu ni yaleyale manne: wino unakatika, mkono unachafuka, maandishi yanapenya hadi upande wa pili, au vidole vinauma kabla ukurasa haujaisha. Ukimuuliza mlalamikaji aliichaguaje kalamu yake, jibu nalo ni lilelile. Aliishika, akachora vijiduara vitatu kwenye kipande cha karatasi kilichokuwa karibu, akaona inateleza, akalipa.

Vijiduara havikuambii kitu. Karibu kila kalamu mpya huteleza kwenye vijiduara. Unachohitaji ni kuijaribu kwenye karatasi yako, kwa mwendo wako wa kuandika, huku kiganja chako kikipita pale kinapopita siku zote. Mimi ni mashoto. Shule niliimaliza nikiwa na ukanda wa buluu ubavuni mwa kiganja, kuanzia kidole cha mwisho hadi karibu na kifundo, kwa hiyo sehemu ya mashoto nimeichimba kuliko nyingine. Wewe wa mkono wa kulia utairuka hatua moja tu.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi unayoandikia kila siku: ukurasa wa daftari lako lenyewe, fomu ya kazini au shajara.
- Kalamu tatu: biki ya kawaida, kalamu ya jeli, na kalamu ya wino mwepesi wa mafuta (nitaieleza hatua ya 4). Azima kwa jamaa na wenzako, usinunue bado.
- Simu ya kujirekodi.
- Saa inayoonyesha sekunde.
- Tishu nyeupe, maji kidogo, na spiriti au dawa ya kutakasa mikono.

Tenga saa moja. Hatua ya 7 pekee ndiyo itakayokudai usubiri hadi kesho yake.

## Hatua ya 1: Jirekodi ukiandika

Egemeza simu mbele yako, bonyeza kurekodi, kisha andika mistari mitano ya maneno yoyote. Usijirekebishe, andika kama unavyoandika ukiwa na haraka.

Halafu itazame video na uchunguze mambo matatu. Kwanza, kiganja kiko wapi ukikilinganisha na mstari: chini yake, juu yake, au kinaufuata nyumanyuma? Pili, kalamu imesimama au imelala? Tatu, unakandamiza kiasi gani? Hili la tatu halionekani kwenye video. Geuza karatasi upapase mgongo wake. Ukihisi vijituta kama vya nukta nundu, mkono wako ni mzito.

Kwa nini tunaanzia hapa? Kwa sababu watu wawili wanaweza kushika kalamu ileile, mmoja akaisifia na mwingine akaitupa, na wote wakawa wakweli. Mwenye mkono mzito huikwaruzia karatasi ncha nyembamba mpaka ikachanika. Mwenye kulaza kalamu huburuza ukingo wa metali unaoshika gololi (kile kijimpira kinachozunguka nchani), halafu analaumu wino.

Umefaulu ikiwa unaweza kujieleza kwa sentensi moja. Yangu ni hii: mashoto, kiganja kinafuata mstari, kalamu imelala, mkono wa wastani.

## Hatua ya 2: Mashoto, zungusha karatasi kabla ya kununua chochote

(Wa mkono wa kulia, nendeni hatua ya 3.)

Kwanza tulitazame tatizo kwa karibu. Mtu wa mkono wa kulia akiandika kuelekea kulia, kalamu yake inavutwa, na mkono unakimbia mbali na wino. Mashoto anaisukuma. Ncha inayosukumwa huelekea kuchimba karatasi badala ya kuteleza juu yake, gololi inazunguka kwa shida, na hapo ndipo herufi zinapotoka na mapengo. Wakati huohuo kiganja kinafuata nyuma na kuyafuta maneno yaliyoandikwa punde. Ni shida mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake. Ukinunua kalamu ya kukauka haraka utatibu ile ya pili tu.

Mashoto tuko makundi matatu.

Wa chini ya mstari. Kiganja kiko chini ya maandishi, kifundo kimenyooka. Hawa hawachafuki sana na karibu kalamu zote zinawafaa. Hongereni.

Wa pembeni. Kiganja kinatembea juu ya mstari uleule unaoandikwa. Hapa ndipo penye uchafu mwingi, na ndipo nilipo mimi.

Wa juu, wenye ndoano. Kifundo kimepinda, kiganja kiko juu ya mstari na kalamu inaelekea chini. Hawa hupita juu ya mistari iliyotangulia, ambayo imepata muda wa kukauka kidogo. Shida yao kubwa ni uchovu wa kifundo.

Sasa fanya hivi. Weka karatasi kushoto kidogo ya katikati ya kifua chako, kisha izungushe kuelekea kulia, yaani kufuata mwendo wa saa, kwa nyuzi 30 hadi 45. Kona ya juu kushoto sasa ndiyo iliyo juu kabisa. Shusha kiganja kiwe chini ya mstari, na ushike kalamu sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye ncha, ili uone unachoandika bila kuukunja mkono.

Kuzungusha karatasi kunageuza sehemu kubwa ya kusukuma kuwa kuvuta. Ndiyo maana hatua hii isiyogharimu kitu huwa na faida kuliko kalamu yoyote nitakayoitaja chini. Mwandiko utayumba siku chache za mwanzo, kisha utatulia.

Tahadhari: mwenye ndoano aliyeandika hivyo miaka 20 asijilazimishe kubadilika kwa wiki moja. Zungusha karatasi kidogokidogo, na kifundo kikianza kuuma, acha. Mtoto mashoto naye asihamishiwe mkono wa kulia. Mfundishe tu kuinamisha karatasi tangu mwanzo, na darasani akae upande wa kushoto wa dawati, kiwiko chake kisigombane na cha jirani.

Daftari nalo lina neno lake. Lenye waya ubavuni huwa linamchoma mashoto mkononi katika kila ukurasa wa mbele. Tafuta lenye waya juu, au ligeuze uanzie nyuma.

Umefaulu ikiwa umeandika ukurasa mmoja na ubavu wa kiganja umepungua uchafu kwa kalamu ileile ya jana. Kama hakuna tofauti yoyote, wewe ni wa pembeni sugu kama mimi, na hatua ya 6 ndiyo yako.

## Hatua ya 3: Ijue karatasi yako

Wino wenye maji hukauka kwa njia mbili: sehemu hunywewa na nyuzi za karatasi, na sehemu huvukizwa hewani. Karatasi inayong'aa hainywi, kwa hiyo wino hubaki juu ukisubiri kiganja chako. Karatasi nyepesi na yenye vinyweleo hunywa kupita kiasi: mstari unatoa vimizizi pembeni na maneno yanajitokeza upande wa pili.

Dondosha tone dogo la maji kwenye kona ya ukurasa. Likizama papo hapo, hiyo ni karatasi ya kunywa sana: kimbilia wino wa mafuta au ncha nyembamba. Likikaa juu kama shanga kwa muda, ni karatasi ngumu au iliyopakwa. Itakupa mstari safi, lakini itakudai subira. Karatasi ya kawaida ya printa, gramu 80 kwa mita ya mraba, huwa katikati.

Fomu zenye nakala chini yake, zile za kuandika mara moja ikatokea mara tatu, zina sheria moja tu: wino wa mafuta na mkono mzito. Jeli na kalamu ya nibu (ile yenye ulimi wa metali badala ya gololi) hazihitaji kukandamizwa, kwa hiyo nakala ya tatu itatoka tupu, nawe utagundua hilo ukiwa umeshaondoka.

## Hatua ya 4: Chagua aina ya wino

Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana kalamu za gololi zinafanana kwa nje. Ndani yake mna vitu tofauti kabisa.

Wino wa mafuta (biki). Ni mzito, unanata, na gololi ndogo ya metali ngumu ndiyo inayouzungusha kutoka kwenye mrija hadi kwenye karatasi. Haupenyi upande wa pili, haukauki haraka ukisahau kifuniko, na kalamu moja huandika muda mrefu mno. Gharama yake ni mkono: lazima ukandamize. Na una tabia ya kukusanya vidonge. Tazama ncha ya biki baada ya nusu ukurasa. Utaona kijidonge cha wino kimeganda ukingoni mwa gololi, kikisubiri herufi yenye mviringo ili kishuke. Kwa mashoto hicho ndicho kinachotapakaa. Futa ncha kwa tishu kila baada ya ukurasa na nusu ya tatizo imekwisha.

Jeli. Ni wino wa maji uliofanywa mzito. Gololi ikizunguka, jeli inalainika na kushuka, na ikishafika kwenye karatasi inarudi kuwa nzito. Rangi yake imekolea, haidai kukandamizwa, na mwenye mkono mzito huona nafuu siku ya kwanza. Ubaya wake: mrija huisha upesi, wino hushuka mbichi, na ikikuta mafuta kwenye karatasi inaruka. Mafuta hayo mara nyingi ni yako mwenyewe, jasho au losheni ya mkono ulioegemea ukurasa. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja uone kama mapengo hayataisha. Kalamu nyingi za jeli hutupwa zikiwa nzima kwa kosa hili.

Wino wa maji. Hii ni kalamu ya gololi yenye wino mwepesi kabisa. Huteleza kuliko zote, na huloanisha kuliko zote. Kwa mashoto wa pembeni au karatasi nyepesi, iache dukani.

Wino mwepesi wa mafuta. Huu ni wa mafuta kama biki, lakini umepunguzwa uzito ili gololi izunguke kwa urahisi. Uni Jetstream ndiyo inayojulikana zaidi. Unateleza karibu na jeli, unakauka haraka, haupenyi. Mtu akiniambia hana muda wa kusoma mwongozo wote huu, humwambia achukue kalamu ya aina hii yenye ncha ya 0.7 (namba hizi ziko hatua ya 5), nyeusi au buluu, aende zake. Mashoto pia.

Jeli ya kukauka haraka. Pentel EnerGel na Zebra Sarasa Dry zimetengenezwa kwa lengo hilo. Kwa mashoto anayependa rangi iliyokolea, hii ndiyo njia ya kuipata bila kuoga wino. Lakini kwenye karatasi inayong'aa hata hizi hutapakaa.

Wino unaofutika kwa joto, kama wa Pilot FriXion, ni mzuri kwa ratiba, hesabu za rasimu na shajara. Kile kifutio cha mpira nyuma ya kalamu hakiondoi wino. Msuguano wake unatoa joto, na joto huupotezea wino rangi. Kwenye nyuzi joto 60 hivi, maandishi hutoweka. Niliwahi kujaza fomu ya kurasa mbili kwa kalamu hiyo bila kuangalia, nikaiacha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Niliporudi nilikuta fomu nyeupe yenye mikwaruzo tu. Baridi kali ya friza huweza kuyarudisha maandishi, lakini sikutakii uombe radhi ukiwa na fomu yenye barafu. Usisaini chochote kwa wino huu.

Umefaulu ikiwa umebaki na aina mbili za kupeleka kwenye majaribio. Zikibaki nne, rudi hatua ya 1 na ya 3 uziulize tena: mkono wako mzito? Karatasi inakunywa?

## Hatua ya 5: Chagua unene wa ncha

Namba iliyoandikwa kwenye kalamu, 0.38, 0.5, 0.7 au 1.0, ni kipenyo cha gololi kwa milimita. Mstari wenyewe hutoka mwembamba kuliko namba hiyo, na jeli ya 0.5 huacha mstari mnene kuliko biki ya 0.5 kwa sababu inashusha wino mwingi. Usilinganishe namba za aina mbili tofauti za wino.

Kadiri ncha inavyokuwa nyembamba ndivyo wino unavyopungua na kukauka upesi. Kwa hiyo mashoto wengi hukimbilia 0.38 wakidhani wamepata dawa. Wanasahau ile shida ya kwanza: wao wanasukuma. Ncha nyembamba inayosukumwa inakwaruza na kushika nyuzi za karatasi, hasa mkono ukiwa mzito. Mashoto anayesukuma abaki 0.5 hadi 0.7. Aliyefaulu kuzungusha karatasi kwenye hatua ya 2 anaweza kushuka chini ya hapo.

Wa mkono wa kulia, angalia ukubwa wa mwandiko wako. Matumbo ya "a" na "e" yakizibika kwa wino, shuka saizi moja. Biki ya 1.0 ni nzuri kwa saini na kwa mwandiko mkubwa.

## Hatua ya 6: Jaribio la kidole

Chukua karatasi yako halisi. Andika neno moja refu, "mwandishi" kwa mfano, mara tano, kila neno mstari wake. Mara tu unapomaliza neno la kwanza, hesabu sekunde 1 ulifute kwa kidole kikavu kuelekea upande mmoja. La pili lisubiri sekunde 3, la tatu 5, la nne 10, la tano 20. Andika namba za sekunde pembeni kwa penseli.

Kisha rudi kwenye ile video. Chagua neno moja, hesabu muda kuanzia ulipolimaliza hadi ubavu wa kiganja unapoligusa. Kwangu ni kama sekunde 2. Hiyo ndiyo namba yako, na kalamu inayokufaa ni ile isiyotapakaa ndani ya muda huo. Maandishi kwenye paketi kwamba wino "hukauka haraka" hayajui mkono wako unatembea kasi gani.

Wa mkono wa kulia nao wana namba yao: muda kati ya kumaliza mstari wa mwisho na kufunga daftari. Ukiona kurasa zako zinazotazamana zimechapana kama kioo, ndiyo sababu.

Rudia jaribio ukiwa umefika katikati ya ukurasa, baada ya kuandika dakika tano mfululizo. Kalamu nyingine huanza vizuri, kisha ikaanza kumwaga ikishapata moto wa mkono.

Umefaulu ikiwa neno kwenye sekunde zako limebaki na kingo zake. Kivuli chepesi cha rangi kinavumilika. Mkia wa wino haukubaliki.

## Hatua ya 7: Jaribio la maji na spiriti

Hatua hii ni kwa anayeandika kitu kinachotakiwa kudumu: mikataba, hundi, daftari la hesabu, bahasha. Kama unaandika orodha ya kazi za leo, iruke.

Wino hupata rangi kwa njia mbili. Kuna rangi zilizoyeyuka ndani yake, ambazo maji au jua huweza kuzichukua. Na kuna chembe ndogo za rangi ambazo hazijayeyuka, hizo hunasa kati ya nyuzi za karatasi na huwa ngumu kuondoka. Kalamu za jeli ziko za aina zote mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Andika mistari mitatu, iache hadi kesho. Dondosha maji kwenye mstari wa kwanza, subiri dakika moja, kausha kwa tishu bila kusugua. Kwenye wa pili fanya hivyohivyo kwa spiriti. Wa tatu uache uwe wa kulinganishia.

Jeli ya rangi iliyoyeyuka itakimbia kwenye maji. Biki itakucheka kwenye maji, lakini kwenye spiriti itaachia rangi. Ndiyo maana ukigusa maandishi ya biki mkono ukiwa bado umeloa dawa ya kutakasa, yanachafuka yote. Jeli yenye chembe za rangi, kama ya Uni-ball Signo 207, hustahimili vyote viwili, nayo ndiyo ninayosainia.

Ukitaka uhakika wa maandishi, tafuta alama za viwango kwenye mrija au paketi: ISO 12757-2 kwa kalamu za wino wa mafuta, ISO 14145-2 kwa za wino wa maji, na ISO 27668-2 kwa jeli. Namba 2 mwishoni ndiyo inayomaanisha matumizi ya nyaraka. Namba 1 ni matumizi ya kawaida.

Rangi: buluu huonyesha kuwa hii ni nakala halisi na si fotokopi nyeusi. Nyeusi hutoka vizuri zaidi ikiskaniwa. Fomu ikitaja rangi, tii fomu.

## Hatua ya 8: Mwili wa kalamu

Hapa sina mengi. Kalamu nyembamba sana hukufanya uibane, na kuibana ndiko kunakoleta maumivu. Chagua yenye unene unaojaza nafasi kati ya vidole vitatu bila kukunja kucha, na sehemu ya kushikia isiyoteleza mkono ukitoka jasho. Ikiwa unapenda kuchomeka kifuniko nyuma, ijaribu ikiwa hivyo, maana uzito unahamia juu.

Mashoto aangalie kitu kimoja zaidi: zipo kalamu zenye mashimo ya vidole yaliyochongwa kwa mkono wa kulia tu. Shika kabla ya kununua. Stabilo hutengeneza baadhi ya kalamu zake kwa matoleo mawili, la kushoto na la kulia. Ya mviringo au ya pembetatu iliyo sawa pande zote haina ubaguzi.

## Hatua ya 9: Hakikisha mrija unabadilishika

Kalamu uliyoizoea ina thamani pale unapoweza kubadilisha mrija tu. Kabla ya kununua mrija mpya, toa wa zamani uuweke sambamba nao: urefu, unene na umbo la mwisho.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. G2 ni jina la umbo la mrija linalotumika kwenye kalamu nyingi za mtindo wa Parker. Pilot G2 ni kalamu ya jeli, na mrija wake ni wa umbo jingine kabisa. Jina ni moja, lakini haviingiliani. Mrija mdogo wa metali unaoitwa D1, wenye urefu wa milimita 67, hukaa kwenye kalamu nyembamba na zile za rangi nyingi.

## Ukitaka kalamu ya nibu

Mashoto wengi wameambiwa kalamu ya nibu si yao. Si kweli, ila masharti yanakaza. Nibu haina gololi, wino unashuka wenyewe kwa kugusa karatasi, kwa hiyo mkono mzito lazima uachwe mlangoni.

Anza na nibu ya F, yaani nyembamba. Ukipata kalamu ya Kijapani, kama ya Pilot au Platinum, jua kwamba F yake ni nyembamba kuliko F ya Ulaya. Nibu nyembamba sana, EF, kwa mashoto anayesukuma itachokonoa karatasi. Lamy wana nibu yenye alama LH kwa ajili ya mkono wa kushoto. Inasaidia, lakini karatasi iliyozungushwa inasaidia zaidi.

Upande wa wino, chagua unaokauka upesi na usiotiririka mno, kisha uupitishe kwenye jaribio la kidole kama nyingine zote. Wino wa chuma na tanini, kama Pelikan 4001 wa buluu-nyeusi, hubadilika rangi ukishagusana na hewa na kushika vizuri kwenye karatasi. Sharti lake ni kuosha kalamu mara kwa mara: vuta na kutoa maji baridi hadi yatoke safi. Maji ya moto yanaweza kupinda plastiki.

Tahadhari: wino wa kuchorea wenye gundi, ule wa chupa za wachoraji uitwao wino wa India, usiuweke kamwe kwenye kalamu ya nibu. Ukikauka ndani, hautoki. Wala usichanganye wino wa chupa mbili ndani ya kalamu moja.

## Kalamu ikigoma

Ikiwa ni mpya kabisa, angalia ncha. Nyingi hufungwa kwa tone dogo la nta au plastiki. Libandue kwa ukucha.

Ikiwa ni biki iliyokaa muda mrefu, izungushe kwenye soli ya mpira ya kiatu au juu ya kifutio. Mpira unashika gololi na kuilazimisha kuzunguka. Ikigoma, tumbukiza ncha kwenye maji ya uvuguvugu dakika moja au mbili, ipanguse, ujaribu tena. Usiipitishe kwenye moto wa kiberiti. Plastiki huyeyuka na wino huruka usoni.

Ikiwa ni jeli, bonyeza ncha kwenye tishu iliyoloa kidogo, kisha chora mistari mirefu. Ukiona pengo jeupe katikati ya wino ndani ya mrija, hewa imeingia. Mara nyingi ni kwa sababu uliandika ukiwa umelala, au ukutani, na kalamu ikatazama juu. Kalamu ya kawaida hutegemea wino ushuke kwa uzito wake. Ya kuandikia kichwa chini ni kama Fisher Space Pen, ambayo mrija wake umejazwa gesi ya naitrojeni yenye shinikizo inayosukuma wino.

Na ikiwa ilianguka sakafuni kwa ncha, ikaanza kukwaruza upande mmoja na kuandika upande mwingine, usihangaike na maji wala soli. Ukingo unaoshika gololi umepinda. Toa mrija, weka mwingine, na kabla ya kuendelea andika tena lile neno mara tano na kulifuta kwa kidole, maana mrija mpya wakati mwingine humwaga kuliko ule uliouzoea.